Eda ya Sharifo

"Daktari, wewe ndiye umeniachisha mke!"

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, msomaji wangu, na najua wengine wenu mlinikasirikia kwa kuwakatia utamu. Kasirikeni tu. Leo mtapata mtu mwingine wa kumkasirikia.

Osman, mwenye kinu cha kusaga mahindi karibu na msikiti mjini Kitale, alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya Wacera, unga umemganda kwenye nyusi. Wacera alikuwa nyuma ya meza, kikombe cha chai mkononi, chai ambayo hakuinywa tena siku hiyo.

Kwa mgeni aliyejiunga nasi leo: Wacera si daktari wa sindano. Ni mshauri nasaha. Kazi yake ni kuketi na watu wazima wenye majonzi na wanandoa wenye vita, awasikilize mpaka nao waanze kujisikiliza. Ana chumba juu ya duka la vitambaa hapo Kitale, na siku nyingine huteremka Bungoma ambako amekodi chumba kingine. Watu walianza kumwita Daktari, naye hakuwakosoa. Nani hukataa cheo cha bure?

"Kaa chini, Osman."

"Sikai! Mteja kutoka Bungoma amekuja kwa kinu sasa hivi, ananipa pole. Pole, Daktari! Nikamuuliza pole ya nini? Akasema, ati hujui? Sharifo anaolewa leo alasiri, Kanduyi, nyumbani kwa kaka yake Huzaifa. Na ni wewe ulisema tusionane, tusipigiane simu, mpaka wewe useme."

"Nilisema mpumzike. Kupumzika si kuachana. Sharifo hawezi kuolewa na mtu mwingine na bado ni mke wako."

Osman akaangalia viatu vyake.

"Kuna kitu hatukukuambia," akasema polepole.

"Kitu gani?"

"Kabla tuje kwako mara ya kwanza, nilikuwa nishamtamkia talaka. Moja tu. Ilikuwa hasira, Daktari. Ile siku ya cherehani."

Wacera aliijua siku ya cherehani. Nani kati yetu asiyeijua? Marehemu mama yake Sharifo alimwachia binti yake cherehani. Osman, mota ya kinu ilipoungua, akaiuza cherehani ile anunue mota nyingine. Hakumuuliza mwenyewe. Sharifo alirudi kutoka sokoni akakuta meza tupu, akamtukana mumewe mbele ya wateja waliopanga foleni na madebe yao. Hayo yote walikuwa wamemwambia Wacera, wakilia kwa zamu. Jibu alilotoa Osman siku ile ndilo walilolificha. Waliona aibu, na mficha uchi hazai.

"Talaka moja si mwisho," Osman akaeleza, sasa ameketi bila kujua kwamba ameketi. "Kuna eda. Mwanamke anakaa hapo hapo kwa nyumba ya bwanake mpaka hedhi yake ipite mara tatu. Ndani ya hiyo eda mimi naweza kumrejea. Neno moja, mashahidi wawili, basi, ni mke wangu kama jana. Lakini ikiisha na mimi nimenyamaza, amekuwa huru. Anaweza kuolewa na mtu yeyote."

"Na kwa nini ulinyamaza?"

"Si wewe ulininyamazisha!"

Wacera akaweka kikombe chini. Chai ikamwagika kidogo, hakuifuta.

Msinielewe vibaya. Mama huyu hakuwa na nia mbaya. Alizaliwa katika shamba la mahindi nje ya Kitale, na kwa watu wake mke akikasirika hufunga nguo zake, hurudi kwao, na akishapoa wazee huenda na maneno matamu kumchukua. Anaweza kukaa msimu mzima huko na bado ni mke wa mtu. Kwa hivyo alipowaona Osman na Sharifo wakirushiana maneno ofisini, aliwapa dawa yake anayoipenda, ile aliyoiita likizo ya ndoa. Sharifo aende kwa kaka yake Bungoma. Osman abaki na kinu chake. Simu zisipigwe. Likizo hiyo ilikuwa imewasaidia walimu wawili wa Kiminini, wakarudi wameshikana mikono na kumletea jogoo wa shukrani. Wacera alikuwa bado anajivunia jogoo yule.

Hakujua kwamba kwa akina Osman kulikuwa na saa ukutani, na kwamba ni yeye aliyemtoa mke katika nyumba aliyotakiwa kukaa, akamfunga mume mdomo aliotakiwa kuufungua. Hakujua, na hakuuliza. Alimuuliza Osman habari za utoto wake, akamuuliza Sharifo ndoto zake, ila hakuuliza hata mara moja dini yao inasema nini mume na mke wakigombana.

"Walitengana mahindi yakipandwa," akajisemea. Sasa mahindi yalikuwa yanauzwa ya kuchoma kila pembe ya mji.

"Osman, eda imeisha?"

"Sijui. Hiyo ni hesabu ya mwanamke. Ni yeye tu anajua. Akisema imeisha, imeisha. Hakuna sheikh atambishia."

Wacera akachukua mkoba na funguo za gari.

"Twende Bungoma."

*

Gari la Wacera lilikuwa Toyota kuukuu iliyopenda kuchemka, lakini siku hiyo ilikuwa na adabu. Walipita Kiminini. Walipita Kamukuywa. Osman alikuwa amekunja mikono kama mtu aliyeketi hospitalini akingoja jina lake liitwe.

Wacera naye alikuwa na jambo lake. Mnalikumbuka, nyinyi mliosoma sura za nyuma. Osman ndiye hakulijua.

Karibu na njia panda ya Bokoli barabara ikafungwa. Trekta ya miwa ilikuwa imeangusha tirela, miwa imetapakaa lami nzima, na watu wa pale wakawa tayari wameanza kusaidia kuiondoa, kila mtu akielekea kwake.

"Ni nini mbele, baba?" Wacera akamuuliza mzee mmoja aliyepita na mzigo begani.

"Tirera imerara, mama," mzee akajibu kwa furaha. "Ngojeni tu. Miwa itakwisha, barabara itafunguka. Sisi hatuchererewi."

Osman akapiga dashibodi kwa ngumi. "Alasiri inafika!"

"Osman," Wacera akasema, "kuna kitu na mimi sikukuambia."

Nilimwonya mama huyu. Nilimwambia, subiri angalau mtoke kwenye foleni. Lakini hatia ni kama choo, ikikubana haiulizi uko wapi.

"Sharifo alikuja kuniona Bungoma. Peke yake. Likizo ilikuwa haijaenda mbali. Aliniuliza kama anaweza kurudi nyumbani."

Osman akageuka taratibu. "Aliuliza hivyo?"

"Aliuliza hivyo. Mimi nikamwambia bado."

"Bado?"

"Nilifikiri akirudi mapema mtagombana tena. Nilifikiri mkikaa kidogo zaidi..." Akasita. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameanza, akamaliza. "Hapana. Nisikudanganye. Nilitaka njia yangu ifaulu. Nilitaka mrudi mkiwa mmepona kabisa, niseme ni mimi niliyewaponya."

"Na mimi nilikupigia simu," Osman akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka mno. "Nikanunua kadi ya kukwangua, nikakupigia, nikasema, Daktari, niruhusu nimsalimie tu. Unakumbuka ulinijibu nini?"

"Nakumbuka."

"Ulisema Sharifo anahitaji nafasi. Na alikuwa ametoka kwako kuomba kurudi!"

Osman akafungua mlango akashuka. Akaanza kutembea kuelekea Bungoma kwa miguu, akikanyaga miwa, kanzu imeshikwa kwa mkono mmoja. Wacera alimtazama akienda na hakumwita. Angemwita amwambie nini? Aliweka paji la uso kwenye usukani, akalia machozi ya mtu asiyestahili kuonewa huruma, na nadhani alijua hivyo, maana alijifuta haraka.

Barabara ilipofunguka alimkuta Osman mbele, amekaa kwenye jiwe. Bungoma haifikiki kwa hasira pekee. Akaingia garini, wakaendelea.

Walipoukaribia mji, Wacera akajaribu tena.

"Nina ombi moja. Najua sina haki ya kukuomba kitu."

"Kweli huna."

"Ukifika na eda iwe haijaisha, usitamke hilo neno lako kabla hujamuuliza. Muulize kwanza kama anataka kurudi. Umesikia? Hata mimi sikumuuliza. Nilimwamulia."

Osman alitazama nje, mashamba ya miwa yakikimbia nyuma.

"Nitamuuliza," akasema. "Wallahi nitamuuliza."

*

Nyumba ya Huzaifa ilikuwa Kanduyi, si mbali na uwanja wa michezo. Turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vya kukodi vimepangwa, na harufu ya pilau ilisikika tangu barabarani. Wazee wenye kofia walikuwa wamekwisha kuketi. Miongoni mwao alikuwa mfanyabiashara wa Myanga, mtu wa makamo, kanzu yake imepigwa pasi ikang'aa. Huyo ndiye aliyekuwa bwana harusi, na masikini hakuwa amemkosea mtu.

Huzaifa akawaona, akaja mbio mpaka langoni akaliziba kwa mwili wake.

"Osman, hapa unatafuta nini?"

"Mke wangu."

"Mke gani? Miezi yote hii hata salamu! Dada yangu alikaa na simu mapajani mpaka nikamwonea huruma. Ikilia anaruka. Ikiwa si wewe anaenda kulia kwa choo. Leo ndio umekumbuka?"

"Nilikatazwa kupiga."

"Ulikatazwa na nani, mwanaume mzima?"

Osman akamnyooshea Wacera kidole.

"Na mimi," Wacera akasema. "Mimi ndiye nilimkataza. Naitwa Wacera."

Alitegemea matusi, hata kofi. Huzaifa badala yake alimkodolea macho.

"Wewe ndio yule daktari? Sharifo anakutafuta tangu asubuhi! Simu yako imezimwa."

Wacera akashika mkoba wake. Ni kweli. Alikuwa na sheria ya kuzima simu akiwa na wateja, na asubuhi ile alikuwa amewasikiliza watu hadi Osman alipomvamia. Alikuwa akiwasaidia wengine huku huyu akimwita.

"Wewe ingia," Huzaifa akasema. "Yeye abaki hapa. Akivuka hili lango, mimi na yeye tutajuana."

*

Chumba cha ndani kilikuwa kimejaa wanawake, hina na umbea. Sharifo alikuwa ameketi mkekani katikati yao, amejifunika baibui, mkono mmoja umepakwa hina na mwingine bado. Sumeya, mke wa Huzaifa, alikuwa ameshika kijiti cha kuchorea.

"Naomba mtupishe," Wacera akasema.

"Ati tuwapishe? Sheikh yuko nje!" Sumeya akafoka.

"Mtupishe, wifi," Sharifo akasema, na wanawake wakatoka wakinung'unika, wakasimama nyuma ya pazia la mlango, masikio wazi. Wacera akashusha sauti.

"Nisamehe, Sharifo."

"Nikusamehe lipi, Daktari? La kuniambia bado, ama la kutomwambia Osman nilikuja?"

"Yote mawili."

"Yuko hapa?"

"Yuko langoni. Amekuja kukuchukua."

Sharifo akafumba macho. Uso wake ulilegea, kwa muda mfupi ukawa uso wa msichana. Kisha ukafunga tena.

"Daktari, kule ofisini kwako uliniambia nikisema kitu hakitoki. Hata kwa mume, hata kwa kaka. Ni kweli ama ilikuwa maneno tu?"

"Ni kweli."

"Hata leo?"

"Hata leo."

"Basi sikia. Eda yangu haijaisha."

Wacera akaketi mkekani. "Lakini kaka yako anasema..."

"Nilimdanganya. Nilimwambia imeisha." Sharifo alikuwa anaongea haraka sasa. "Nilitaka nione kama mtu atanitafuta. Nikasema, wacha posa ije, habari zitafika Kitale, Osman atakimbia kuja. Posa ikaja. Hakuja. Nikasema, atakuja siku ikipangwa. Ikapangwa. Hakuja. Nikasema, nikifika hapo kwa kuulizwa mbele ya sheikh, nitasema ukweli, iharibike. Lakini huyu kaka amenilisha, amechinja mbuzi, wazee wamekuja. Nitaweka uso wapi?"

"Na kwa nini haijaisha? Miezi hii yote?"

Sharifo alichukua mkono wa Wacera, akauingiza chini ya baibui, akauweka tumboni mwake. Lilikuwa tumbo gumu, la mviringo, dogo bado, lakini mwanamke hahitaji kuambiwa.

"Mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue," Sharifo akanong'ona. "Miaka yote tuliyokaa na Osman tukiomba. Na imekuja saa ya talaka."

Wacera alitaka kucheka na kulia. "Sharifo! Basi mambo yote yamekwisha! Nimwambie tu..."

"Usithubutu!"

Kucha za Sharifo zikamkwaruza mkono.

"Osman akijua eda haijaisha, atasema neno moja hapo nje, na nitakuwa mke wake nikitaka nisitake. Sheria iko hivyo, mimi siipingi. Lakini aliuza cherehani ya mama yangu bila kuniuliza. Akaniacha kwa neno moja, hakuniuliza. Akinirudisha kwa neno moja, hakuniuliza, mimi nitakuwa nini? Jembe la kuazimana? Na akisikia kuna mtoto, hata sitajua amerudia nani."

"Ameniahidi atakuuliza. Ameapa."

"Akiwa hajui kuna mtoto. Mwache aulize akiwa hajui. Nikisikia akiniuliza, Daktari, nitatoka hapa hata na hii hina nusu. Nampenda yule mpumbavu."

Mnaona jambo lilivyokuwa, wasomaji wangu. Wacera akinyamaza, mwanamke mwenye mimba ya mtu anafungishwa ndoa ya haramu. Akisema, anavunja ahadi ya kazi yake na kumtia Sharifo mkononi mwa neno la Osman. Kulikuwa na njia ya tatu, nyembamba, nayo ni kutoka mbio mpaka langoni, kumwambia Osman aulize sasa hivi, kwa sauti, kabla ya yote.

Akasimama aende. Alikuwa amechelewa.

*

"Assalaam aleikum," sauti ya sheikh ikasema nje ya pazia. Kulikuwa na mashahidi pamoja naye, na Huzaifa akihema kando yao. Ndivyo desturi ilivyo, bibi harusi aulizwe mwenyewe. "Sharifo, binti yangu, nimekuja kukuuliza mambo mawili, unijibu kwa mdomo wako. Kwanza, eda yako imekwisha?"

Sharifo akafungua mdomo. Niliwaambia alikuwa amejiandaa kusema ukweli. Alikuwa amejiandaa usiku na mchana. Lakini nyuma ya pazia aliona kivuli cha kaka yake, aliyempa chumba na chakula bila kumnung'unikia, na sauti ikamkataa.

"Sharifo," Huzaifa akasema kwa upole, "jibu tu, dada. Si uliniambia?"

Nje, sufuria za pilau zilikuwa zinafunikwa. Sharifo akamtazama Wacera, na macho yale yalikuwa na kila kitu ndani yake, lawama na ombi pamoja.

"Muulizeni daktari wangu," akasema. "Yeye ndiye aliniambia nisubiri. Yeye anajua kama nimemaliza."

Watu wakaguna. Wacera akainama karibu na sikio lake.

"Umeniruhusu?"

"Umeniamulia mara nyingi," Sharifo akanong'ona. "Niamulie hii moja, halafu basi."

Hakuna adhabu iliyokuwa kali kuliko hiyo. Wacera aliona ofisi yake, viti vyake viwili vinavyotazamana, jogoo wa Kiminini, na cheo cha bure alichopewa na watu. Akaona kwamba tangu mwanzo alikuwa akifanya kazi ile ile aliyoifanya Osman siku ya cherehani. Akalisogelea pazia.

"Eda haijaisha," akasema. "Ndoa hii haiwezi kufungwa."

Nje pakalipuka. Huzaifa aliita jina la Mungu. Mtu wa Myanga alisimama, akanyoosha kanzu yake, akasema kwa utulivu kwamba yeye hafuati mke wa mtu, akaondoka na heshima yake yote.

"Haijaisha vipi?" sheikh akauliza, akihesabu miezi kichwani. "Waliachana mahindi yakiwa..."

Wacera hakusema zaidi. Hakuhitaji. Sumeya, aliyekuwa na watoto wake mwenyewe, alikuwa amekwisha kupiga hesabu, akabana mdomo kwa viganja, lakini mdomo wa Sumeya haukuumbwa kubanwa.

"Ana mimba! Yallah, Sharifo ana mimba!"

Neno hilo likatoka chumbani, likavuka uani, likapita juu ya viti vya kukodi, likamfikia Osman pale langoni.

Wacera akalisukuma pazia akatoka mbio. Osman alikuwa amevuka lango, na hakuna aliyemzuia. Alikuwa amesimama chini ya turubai, unga wa Kitale bado kwenye nyusi, machozi yakitengeneza njia mbili katika ule unga. Wanawake walikuwa tayari wameanza vigelegele.

"Osman!" Wacera akaita. "Uliapa! Muulize! Yuko hapa nyuma yangu, muulize kwanza!"

Osman alimtazama kama mtu anayejaribu kumkumbuka.

"Daktari," akasema, "miezi yote nimefuata shauri lako. Nilinyamaza uliponiambia ninyamaze. Karibu mtoto wangu azaliwe nyumba ya mtu mwingine."

"Nimekosa. Nimekosa mimi, usimlipishe yeye. Neno moja tu la kuuliza, Osman. Anataka uulize tu!"

Wacera alisikia miguu mitupu ikitembea sakafuni nyuma yake, ikasimama. Mkono wenye hina mbichi ukashika kiuno cha koti lake, ukamshikilia kwa nguvu. Sharifo alikuwa anasikiliza.

Osman alifuta uso kwa mkono wa kanzu. Alimtazama sheikh, kisha mzee mwenye kofia aliyesimama kando ya sheikh, kisha mwingine.

"Sheikh," akauliza, "mashahidi wawili wanatosha, sivyo?"

Vigelegele vikanyamaza, na Osman akafungua mdomo.